Penzi la Marufuku Lisilochoma: Dalili, Chanzo na Tiba

Mswada una kila kitu. Wapo wawili wanaopendana pasipo ruhusa, yupo anayewakataza, zipo nyakati za kukutana kwa siri, lipo hata busu lililokatizwa na mlango uliofunguliwa ghafla. Na bado msomaji wako wa kwanza, yule rafiki unayemwamini, anakurudishia kurasa na kusema "ni nzuri" kwa sauti ya mtu anayetafuta neno jingine. Ukimbana anakiri kwamba aliishia katikati.

Nimesoma miswada mingi ya namna hiyo, na mmoja niliuandika mwenyewe. Penzi lililokatazwa huharibika kwa njia chache zinazojirudia, ila dalili huonekana mbali na chanzo. Mwandishi anaona mwisho umelegea, anauandika upya mara nne, kumbe hitilafu iko ukurasa wa kumi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye maneno ya msomaji, kisha unarudi nyuma hadi kilipo chanzo. Unaweza kuruka moja kwa moja kwenye dalili yako, lakini pitia kwanza jaribio hili fupi.

Andika jibu la swali moja: wawili hawa wakipendana hadharani, nani ataumia? Kisha la pili: mhusika wako mkuu anampenda huyo atakayeumia? Kama jibu la kwanza ni "hakuna, watakasirika tu", au la pili ni "hapana, anamchukia", basi karibu kila dalili utakayoisoma hapa chini utaikuta kwako, na zote zitakuwa na mzizi mmoja.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme Neema amelelewa na dada yake mkubwa, Zaituni, tangu wazazi wao walipofariki. Zaituni aliacha masomo ili mdogo wake asome. Sasa ana miaka 38, amepata mchumba anayeitwa Musa, na kwa mara ya kwanza ana furaha iliyo yake mwenyewe. Neema na Musa wanavutana. Hakuna sheria inayowazuia wala baba mwenye fimbo. Kuna dada tu.

"Kwa nini wasiondoke tu?"

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko nyingine zote, na ndiyo inayoua hadithi nyingi. Msomaji anauliza swali hilo kwa nia njema kabisa. Amewaona wapenzi, amewaona wanaowakataza, na akili yake imempa suluhisho ambalo wahusika hawalioni: safari. Mwandishi naye hukimbilia kuziba njia. Wanakosa nauli, daraja linavunjika, kijana anaugua. Msomaji anakubali kwa kurasa kumi, kisha anauliza tena.

Chanzo ni kwamba katazo liko nje ya mhusika. Baba amesema hapana, ukoo umesema hapana, kanuni za kazi zinasema hapana, lakini ndani ya binti mwenyewe hakuna hata chembe inayosema hapana. Anampenda kijana kwa moyo wote na anamwona baba kama lango lililofungwa. Mbele ya lango mtu hujiuliza tu ataliruka vipi, na hadithi inageuka kuwa ya mbinu za kutoroka. Mgogoro unahitaji hapana inayotoka kinywani mwa mtu ambaye mhusika anamheshimu, na inayopata mwitikio, hata kama ni mdogo, kifuani mwake.

Lijaribu hivi. Waache watoroke, ila kwenye karatasi ya pembeni. Andika asubuhi ya kwanza baada ya kutoroka. Binti anaamka. Anakosa nini? Usiandike "familia". Andika sauti ya nani haisikiki, jina gani la utani hataitwa tena maishani, nani atakufa na kuzikwa yeye asiwepo. Kama baada ya nusu ukurasa huna kitu, msomaji wako alikuwa sahihi: waondoke tu.

Neema anaweza kuondoka na Musa leo jioni na hakuna atakayefunga mlango. Lakini anajua kwamba Zaituni hazimi taa mpaka asikie mdogo wake amerudi, na tabia hiyo haikukoma hata Neema alipotimiza miaka 25. Usiku wa kwanza ugenini atalala akijua kuna taa inayowaka mahali fulani ikimsubiri. Hapo sihitaji daraja kuvunjika.

Na hapa kuna kosa la tiba ambalo ni baya kuliko ugonjwa. Waandishi wengi wakiambiwa mgogoro wao ni dhaifu humwongezea mkatazaji ukali. Baba anapewa sauti kubwa zaidi, kisha fimbo, kisha bunduki. Kila ukali unaoongezwa unampunguzia binti sababu ya kubaki. Ukifika kwenye bunduki, swali la "kwa nini wasiondoke" limekuwa kelele. Mwongezee mkatazaji haki. Mpe sababu ambayo wewe mwenyewe, ukiwa peke yako usiku, huwezi kuijibu vizuri.

Tazama tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Jessica anatoroka nyumbani kwa baba yake, Shylock, kumfuata Lorenzo, kijana wa dini nyingine, na anaondoka na fedha na vito vya baba yake. Mpaka hapo baba ni mkopeshaji mgumu ambaye wengi hatumwonei huruma, na kutoroka kwa binti kunaonekana kama ukombozi. Kisha Shylock anapata habari kwamba Jessica ametoa pete moja kumnunua tumbili. Anaitambua pete hiyo: alipewa na Leah, anayeeleweka kuwa ndiye aliyekuja kuwa mke wake, enzi hajaoa bado. Yanayosemwa ni machache sana, na kutoroka kule kunabadilika rangi papo hapo, maana sasa tunajua kuna kitu kilivunjwa ambacho hakikuwa mali tu. Mswada wako unahitaji pete ya namna hiyo, na unaihitaji mapema kuliko Shakespeare alivyoileta, kwa sababu wewe unataka imuume anayependa na si anayeachwa pekee.

"Najua ni marufuku, lakini sikuona hatari"

Chanzo chake ni chepesi kukitambua: katazo limetangazwa, halijaishi. Mtu mmoja alilisema kwenye sura ya kwanza, kwa sauti nzito, na tangu hapo wahusika wanalirejea kwa maneno matupu kama vile "unajua haiwezekani" na "wakituona itakuwaje".

Katazo huaminika linapoonekana likifanya kazi hata siku ambayo hakuna anayelivunja. Linaamua nani anakaa karibu na nani, nani anaitwa kwa jina na nani kwa cheo, mazungumzo gani hukoma mtoto anapoingia chumbani. Kama kuna mtu aliyewahi kulivunja, usilete historia yake nzima. Acha habari zake zikatike katikati ya sentensi kila zinapoanza. Msomaji atajaza mwenyewe, na atakachojaza kitakuwa kizito kuliko ulichokuwa umepanga kuandika.

Pia angalia kama katazo limetoza gharama yoyote kabla ya theluthi ya kwanza kwisha. Gharama ndogo inatosha. Mtu asinyang'anywe urithi ukurasa wa ishirini. Ajibiwe salamu kwa kuchelewa kidogo, basi.

"Nimeambiwa wanapendana, sijui kwa nini"

Fungua ukurasa wanapokutana mara ya kwanza. Hesabu macho, mapigo ya moyo, na mwili uliosisimka. Hizo zote ni taarifa za mwili wa anayetazama. Hazisemi lolote juu ya anayetazamwa. Ungeweza kumwondoa kijana huyo ukamweka mwingine, na sentensi zisibadilike hata nukta.

Mara nyingi mwandishi amelitegemea katazo lizalishe mvuto: wanatakana kwa sababu hawaruhusiwi. Jambo hilo hutokea kweli kwa watu, na linaweza kubeba hadithi fupi. Kwa riwaya halitoshi, kwa sababu siku katazo likiondoka penzi nalo litaondoka, na msomaji huhisi hivyo muda mrefu kabla ya mwandishi.

Liondoe katazo kwa ukurasa mmoja. Wakalishe wawili hao mahali pa kungojea, saa nzima, pasipo hofu ya kuonwa na mtu. Wanazungumza nini? Kama wanazungumzia ugumu wa mapenzi yao tu, bado hawana mapenzi. Wana tatizo la pamoja, kama abiria wawili walioachwa na gari.

Tiba yake naipenda sana, kwa sababu ndiyo sehemu ya kazi hii inayofanana na kupenda kwenyewe. Ukipenda, chongo huita kengeza. Basi anza na chongo lenyewe. Andika kasoro moja ya mpendwa ambayo kila mtu anaiona, kisha andika jina ambalo mpenzi ameipa kasoro hiyo. Musa ni mzito wa kujibu. Ukimuuliza jambo hunyamaza kwanza, na wenzake kazini wanasema ana akili ya kuchelewa. Neema anaita kusikiliza. Na kwa nini Neema, kati ya watu wote, aone kusikiliza pale wengine wanapoona uzito? Kwa sababu nyumbani kwao hajawahi kumaliza sentensi. Zaituni humalizia. Anamjua mdogo wake tangu akiwa mtoto mchanga, anajua anachotaka kusema kabla hajakisema, na mara nyingi hakosei.

Angalia kilichotokea. Kinachomfunga Neema kwa dada yake, yaani kujulikana hadi mwisho wa sentensi, ndicho hichohicho kilichomfungulia sikio kwa Musa. Mvuto na katazo vimechota kisima kimoja. Ukifanikiwa kuvipeleka hapo, hutahitaji tena kumkumbusha msomaji kwamba penzi hili ni gumu. Kila sentensi ya mapenzi itakuwa inamgusa Zaituni hata kama hayupo chumbani. Nimeona miswada iliyokuwa inakufa ikasimama kwa badiliko hili moja tu, bila tukio hata moja jipya kuongezwa.

"Katikati nilichoka"

Wanakutana, wanaogopa, wanaachana. Wanakutana tena mahali pengine, wanaogopa zaidi kidogo, wanaachana tena. Mwandishi anahisi kasi inapungua na anaongeza joto: kugusana mikono, kisha kukumbatiana, kisha zaidi. Joto linapanda na msomaji anazidi kupiga miayo, jambo linalomshangaza mwandishi sana.

Chanzo ni kwamba kila tukio linawarudisha mahali palepale. Chukua matukio yote wanayokutana, andika kila moja kwenye kipande cha karatasi, kisha uyachanganye. Kama unaweza kuyapanga kwa mfuatano mwingine na hadithi isiharibike, una tukio moja uliloliandika mara tano.

Kinachopaswa kusonga mbele ni kile ambacho hakirudishiki, na kugusana mwili ni sehemu ndogo tu yake. Kuna kujua: mtu kujigundua, kisha kugundua kwamba mwenzake naye anajua. Kuna kusema. Kuna uongo wa kwanza unaotamkwa kwa ajili ya penzi hilo, na huo huumiza kuliko busu la kwanza, maana unaelekezwa kwa mtu anayetuamini. Kuna siku mtu wa tatu anapoingizwa kwenye siri na kulazimika kuchagua upande. Kila ngazi ikishapandwa, ya chini yake inavunjika.

Racine, mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa, alilitumia jambo hili kwa ukatili wa ajabu katika Phèdre, tamthilia iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1677. Phèdre anampenda Hippolyte, mtoto wa mume wake aliyezaliwa na mwanamke mwingine, na aibu yake ni kubwa hata yuko tayari kufa kuliko kulitamka. Kisha zinafika habari kwamba mumewe, Thésée, amefariki. Kizuizi kimeanguka, ulimi unafunguka, na Phèdre anamwambia Hippolyte. Baada ya hapo inajulikana kwamba Thésée yu hai, na anarudi nyumbani. Kizuizi kimesimama tena palepale kilipokuwa, lakini neno limeshatoka na halimezeki. Ukitaka kujifunza jinsi ya kuendesha katikati ya hadithi ya namna hii, litazame hilo: katazo lililegezwa kwa muda wa kutosha mtu kufanya jambo lisilorudishika, kisha likakazwa.

Kwa Neema ningeanzia chini kabisa. Ngazi ya kwanza ni pale anapojikuta hamsimulii dada yake vichekesho vidogo alivyosema Musa. Hajafanya kosa lolote. Amenyamaza tu, na anashangaa kwa nini. Kisha Zaituni anamuuliza waziwazi anamwonaje mchumba wake, naye, kwa hofu ya kujifichua, anajibu kwa ubaridi. Zaituni anaumia. Anadhani mdogo wake hampendi Musa, kwa hiyo anamwomba Musa ajitahidi kumzoea: amsindikize, amsaidie kuhama ofisi, ampe muda. Kule kuficha ndiko kunakomsogeza Musa karibu, na anayemsogeza ni Zaituni mwenyewe, kwa upendo. Kutoka hapo siku moja Musa anasema jambo ambalo hakupaswa kulisema, na Neema anajibu, "Usirudie." Neno hilo peke yake ni kukiri, na wote wawili wanalisikia hivyo.

Sijaandika hata mkono kugusa mkono.

"Nilichukizwa nao"

Hapa naomba tuwe makini, maana kuchukizwa kwa msomaji kuna sababu za aina mbili na moja yake haitibiki kwa ufundi.

Kuna makatazo yaliyowekwa kumlinda dhaifu. Daktari na mgonjwa wake, mwalimu na mwanafunzi, mlinzi na mfungwa, bosi na aliye chini yake. Ukiandika hadithi ambamo katazo la namna hiyo ni ushamba wa kushindwa na mapenzi ya kweli, msomaji mwenye akili timamu atakaa upande wa katazo, na atakuwa na haki. Kama mmoja wao ni mtoto, basi hakuna penzi la kuandika. Kuna ukatili, na ukiamua kuuandika uuandike kama ukatili, ukiwa umesimama upande wa mtoto. Kwa watu wazima wenye nguvu zisizolingana, njia ipo lakini ni nyembamba: mwenye nguvu aujue uzito wake na aulipie mwenyewe, na asiye na nguvu awe na uwezo wa kweli wa kukataa. Uwezo huo uonekane. Akatae angalau mara moja, tuone maisha yake hayakuporomoka kwa kukataa.

Aina ya pili ni ya kiufundi. Mume au mke anayesalitiwa amechorwa mjinga, mlevi, au baridi kama jiwe ili wapenzi wapate udhuru. Msomaji anaona mkono wa mwandishi ukipindua mizani, na chuki yake inakwenda kwa wapenzi kwa sababu wao ndio wanaonufaika. Mpe anayesalitiwa onyesho zuri kuliko yote ya sura hiyo. Awe mcheshi. Aseme jambo la hekima siku ambayo tulikuwa tumejiandaa kumdharau.

"Siri ilivuja kwa bahati tu"

Barua iliyosahaulika mfukoni. Simu iliyoachwa mezani ikiwaka. Jirani aliyepita njia ambayo hapiti kamwe. Msomaji halalamiki sana, ila kitu fulani kinazimika.

Wahenga wanasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na methali hiyo ni somo zima la msuko. Kikohozi hutoka ndani. Hakiletwi na jirani. Kinachowafichua wapenzi kiwe kitendo ambacho penzi lenyewe limewazoesha mpaka hawakioni tena. Zaituni anawaambia wageni kwamba Musa hapendi safari za usiku. Neema, bila kufikiri, anamsahihisha: anazipenda, ila hapendi kukaa dirishani. Wageni wanaendelea kuongea. Zaituni anaendelea kutabasamu kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

Bahati si haramu kabisa. Katika Romeo and Juliet, barua ya kumweleza Romeo kwamba Juliet hajafa inakwama kwa sababu mtawa aliyetumwa kuipeleka anafungiwa ndani ya nyumba inayoshukiwa kuwa na tauni. Ni bahati mbaya tupu, na bado tunaipokea. Nadhani ni kwa sababu wapenzi hao walikuwa wameshajenga maisha yanayotegemea uzi mmoja wa siri. Ndoa ya siri, dawa ya siri, barua ya siri. Kitu kama hicho lazima kikatike mahali fulani. Tena bahati ile inawaangamiza. Ikiwaokoa, msomaji hasamehi.

"Mwisho ulinidanganya"

Mkatazaji anakufa. Au anabadilika moyo baada ya hotuba moja. Au inagundulika kwamba hawakuwa ndugu kumbe, na kila kitu kinafutika. Mwandishi ameling'oa katazo kutoka nje kwa sababu katazo lilikuwa nje tangu mwanzo, na hivyo dalili hii huwa ni ile ya kwanza iliyokomaa. Usiutibu mwisho. Rudi kwenye karatasi ya asubuhi ya kwanza.

Kama katazo lilikuwa na mizizi ndani ya mhusika, utaona jambo la ajabu: unaweza kukiondoa kizuizi cha nje na hadithi isiishe. La Princesse de Clèves, riwaya iliyotoka Ufaransa mwaka 1678 bila jina la mwandishi na inayotambuliwa kuwa kazi ya Madame de La Fayette, inafanya hivyo hasa. Mke anamkiria mumewe kwamba moyo wake umevutwa kwingine. Hajafanya lolote, anaomba tu msaada wa kukaa mbali. Mume anaumia mpaka anakufa. Sasa mjane huyo yuko huru, mtu anayempenda yuko huru, na hakuna yeyote duniani anayewakataza. Mwanamume anakuja kuomba. Anakataliwa. Yumo mume katika kukataa kule, maana kifo chake hakijasahaulika, lakini kuna na jambo jingine ambalo mwanamke analisema wazi: anaogopa kwamba penzi la mwanamume huyo limelelewa na vizuizi, na vikiisha litapoa.

Jaribu mwisho wako kwa kipimo hicho. Mwondoe mkatazaji kwa amani kabisa, na umwache mhusika mkuu mbele ya mlango ulio wazi. Akipita mara moja bila kugeuka nyuma, hukuwa na mgogoro, ulikuwa na foleni. Akisimama, andika kile kinachomsimamisha, maana huko ndiko mwisho wako ulikokuwa ukingoja muda wote huu. Anaweza kupita hatimaye. Sina ugomvi na miisho ya furaha, na penzi lililolipiwa kwa haki lina haki ya kupata nyumba. Ninachotaka kuona ni risiti.

"Kila kitu kiko sawa na bado ni baridi"

Mswada wangu mwenyewe ulikuwa hivi. Nilikuwa nimetibu yote niliyoyaeleza hapa, moja baada ya jingine. Katazo lilikuwa na mizizi, mvuto ulikuwa na sababu, katikati palipanda ngazi kwa ngazi. Niliuandika mara tatu. Wasomaji waliusifu ufundi wake na hakuna aliyelia.

Aliyenisaidia hakuwa mwandishi. Aliniuliza ni kurasa zipi niliandika bila kufutafuta. Nilipofungua daftari nikaziona: zote zilikuwa za mama aliyekuwa akiwakataza. Nilikuwa nimeandika juu ya wapenzi kwa sababu hadithi za namna hii huandikwa juu ya wapenzi, lakini kilichokuwa kikiniwasha mimi ni yule mwanamke aliyelazimika kusema hapana kwa mtoto anayempenda, akijua kwamba hapana hiyo itamfanya achukiwe. Nilihamisha macho ya hadithi yakawa yake. Nusu ya matukio ya siri yalianguka yenyewe, kwa kuwa yeye hakuyaona, na yaliyobaki yakawa ya kutisha kwa sababu hiyohiyo.

Kabla hujauweka kabatini mswada wako uliopoa, fanya jambo moja zaidi. Mchukue mkatazaji wako, kama Zaituni wangu huyu, usiku wowote kabla hajajua lolote. Mkalishe peke yake taa ikiwa inawaka, akisubiri hatua za mtu anayerudi nyumbani. Andika kurasa mbili. Usimtaje mchumba, usilitaje katazo. Kisha kesho yake zisome kwa sauti, uzilinganishe na kurasa zako bora za wapenzi, na uangalie ni zipi zinazokutetemesha sauti.